"Jumatatu hadi Ijumaa tutakuwa kazini": Je, bado niende Vancouver?

SWALI

Dada mpendwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Ngamiani, Tanga. Nimefundisha shule za msingi miaka 34. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Nina watoto watatu, na wa katikati, wa kiume, yuko Canada mwaka wa tisa sasa. Anakaa na mkewe na mtoto wao wa miaka saba katika mji unaoitwa Surrey, jirani na Vancouver. Nyumba yao, anasema, iko dakika kumi kwa mguu kutoka kituo cha treni cha King George.

Mwaka huu mwanangu aliniambia, "Mama, njoo utembee. Usije kulea wala kupika. Njoo uone mji kama watalii wanavyouona." Nililia kwa furaha. Ndege nimepanda safari moja tu maishani, nilipokwenda hija. Viza imetoka, tiketi imekatwa, naondoka katikati ya Agosti na kurudi katikati ya Septemba.

Basi wiki iliyopita mkwe wangu akanitumia ujumbe. Naunakili kama ulivyo: "Shikamoo mama, karibu sana kwetu. Jumatatu hadi Ijumaa tutakuwa kazini na mtoto atakuwa kambi ya likizo, kwa hiyo utakuwa unapumzika nyumbani. Jumamosi na Jumapili tutakutoa."

Dada, nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Mimi ni mama mzazi, navuka nusu ya dunia, halafu nikae ndani siku tano kwa wiki nikitazama ukuta? Kwetu mgeni akija hata jirani huacha shughuli zake. Niliwaonyesha dada zangu ule ujumbe, na mmoja akasema wazi kwamba huyo binti hataki mgeni nyumbani kwake. Toka siku hiyo sijamjibu.

Kutoka peke yangu naogopa. Kiingereza nakijua, lakini watu wa huko wakisema kwenye simu maneno hunipita. Mpwa wangu amenionyesha video ya mtaa mmoja wa Vancouver, watu wamelala njiani, wengine wameinama hawajitambui kwa madawa. Nina presha, natumia dawa kila siku. Nikipotea nitamwambia nani?

Na kuna jingine. Binti wa dada yangu yuko Toronto, anasema nipitie kwake maana ni nchi hiyohiyo. Kijana mwingine wa ukoo yuko Seattle, anasema ni karibu sana na Vancouver, nivuke tu nikamsalimie.

Tiketi hairudishwi fedha. Niende, au niwaambie kwamba nimepata udhuru?

Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam, Mwalimu. Nenda. Udhuru usiutafute.

Nianze na ujumbe wa mkweo, maana huo ndio uliokukaa kooni. Hayo mengine ni njia na nauli. Umeusoma ukiwa Tanga, na Tanga mtu akisema "nitakuwa kazini" ilhali mgeni yuko njiani, amesema neno zito, kwa sababu sote tunajua kwamba bosi huombwa, zamu hubadilishwa, na duka hushikwa na jirani. Huko mambo ni mengine. Sheria ya kazi ya jimbo la British Columbia, lenye Surrey na Vancouver ndani yake, inampa mfanyakazi wiki mbili za likizo kwa mwaka akishatimiza mwaka wa kwanza kazini, na wiki tatu akishafikisha miaka mitano kwa mwajiri huyohuyo. Wapo waajiri wanaoongeza, lakini wengi hubaki hapo. Wiki mbili, Mwalimu, ni siku kumi za kazi. Humo humo mtu anaweka akiba ya kuja kuzika nyumbani ikitokea. Na Vancouver na vitongoji vyake ni miongoni mwa sehemu ambazo kodi ya nyumba ni ya juu kabisa Canada, kwa hiyo wengi wenye familia hawawezi kumwacha mmoja abaki nyumbani.

Mkweo amekuandikia ratiba yake ya kweli kabla hujafika. Angeweza kukuahidi makubwa, ukafika ukakuta nyumba tupu. Mimi namheshimu kwa hilo.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kuwa yeye. Niliishi miaka tisa New Westminster, ng'ambo ya mto tu ukitokea Surrey. Mama yangu alikuja mwezi kama huo unaokwenda wewe, nami sikupata ruhusa hata ya siku mbili. Kila asubuhi nilimwachia uji kwenye chupa na rimoti ya televisheni, nikatoka na moyo mzito, na jioni nikimkuta amekaa palepale dirishani na kanga yake, ananiuliza, "Umerudi?" kwa sauti ya mtu aliyehesabu saa. Siku ya sita nilirudi nikakuta nyumba imefungwa. Nilizunguka mtaa mzima nikikimbia. Nikamwona anakuja taratibu kando ya reli, ana mfuko wa plastiki, vidole na midomo imegeuka rangi ya zambarau. Kumbe pembeni mwa njia kulikuwa na vichaka vya beri nyeusi za mwituni, zile zenye miiba. Mwezi wa nane huiva kila mahali, hata nyuma ya maegesho ya magari, na kuchuma hakuna anayekukataza. Alikuwa amekutana na mama mmoja Mchina asiyejua Kiingereza hata kidogo, wakachuma pamoja saa nzima, kila mmoja akisema lugha yake. Usiku ule mama alizungumza kuliko siku zote tano zilizotangulia. Kesho yake akaniambia, "Nipe ufunguo na nauli."

Hayo mawili ndiyo nataka uombe na wewe: ufunguo wa nyumba na kadi ya nauli. Mwanao amekwambia uutembee mji kama watalii. Mtalii hutembea siku za kazi, tena ndizo nzuri, watu si wengi.

Unaogopa kupotea, nawe umekulia Ngamiani! Barabara zenu zinahesabiwa, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, na hakuna mtoto wa Ngamiani anayepotea. Surrey imepangwa hivyohivyo, kwa ukubwa zaidi. Njia zinazokwenda kusini na kaskazini zinaitwa Street, zinazokwenda mashariki na magharibi zinaitwa Avenue, na karibu zote ni namba. Avenue ya sifuri inapita ukingoni kabisa mwa mpaka wa Marekani, kisha namba zinapanda kadiri unavyokwenda kaskazini. Hata namba ya nyumba inakueleza ilipo. Ukumbi wa jiji la Surrey ni namba 13450 kwenye 104 Avenue, maana yake umepita tu 134 Street. Mwombe mwanao anwani ya nyumba yake leo, ukae na karatasi na penseli, uchore. Utakuwa umeujua mtaa kabla hujapanda ndege.

Ukishafika Vancouver yenyewe, alama yako ni milima. Fikiria Tanga, kisha chukua milima ya Usambara uisogeze mpaka isimame ng'ambo ya bandari, karibu hivi kwamba unaona mstari wa miti. Ndivyo Vancouver ilivyo. Maji ya Burrard Inlet yako mbele yako, na milima inaanzia ng'ambo yake. Iko kaskazini siku zote. Ukichanganyikiwa, tafuta milima, utajua umetazama wapi. Nawe utapata faida nyingine: kibla cha Vancouver ni kaskazini, ukiegemea kidogo mashariki, kwa hiyo utaswali umeelekea milimani. Tanga unaelekea kaskazini pia. Wengi wakifika huko hushangaa, wakidhani wageuke mashariki kama wanaokwenda Uarabuni kwa meli, lakini dunia ni mviringo na njia fupi ya kwenda Makka inapita juu, upande wa ncha ya kaskazini.

Treni yao inaitwa SkyTrain, ilianza 1985, na haina dereva. Kompyuta ndiyo inayoiendesha. Kwa sababu hiyo pale mbele kabisa, ambapo dereva angekaa, kuna viti vya abiria na kioo kikubwa. King George ndipo treni inapoanzia, kwa hiyo ukisubiri moja ikiondoka, ijayo utaingia wa kwanza ukakaa hapo. Kaa hapo, Mwalimu, usione haya, utawakuta na watoto. Baada ya kituo cha Scott Road treni inapanda daraja lake yenyewe, halina magari, limening'inizwa kwa nyaya, na chini unauona mto Fraser, mpana, rangi ya chai ya maziwa, na matishari yanavutwa na viboti vidogo. Siku ikiwa safi, kabla hujapanda treni, tazama upande wa kusini mashariki: kuna mlima mkubwa mweupe kwa theluji hata Agosti, umejitenga peke yake kama Kibo. Unaitwa Mount Baker, nao uko upande wa Marekani.

Kutoka King George mpaka kituo cha mwisho, Waterfront, ni kama dakika 40. Kwenda huwezi kukosea. Kurudi ndiko kwenye mtego, nao ulininasa wiki yangu ya kwanza, nikajikuta kituo nisichokijua giza likiingia. Njia hiyo inagawanyika kituo cha Columbia: treni nyingine zinakwenda King George, nyingine zinapinda kuelekea Production Way. Kabla ya kupanda soma jina lililoandikwa usoni mwa treni. Ukikosea usihangaike, shuka kituo kinachofuata, vuka upande wa pili, rudi Columbia. Ndiyo dawa yake yote.

Kadi ya nauli inaitwa Compass, ni ya buluu. Unaweka amana ya dola 6 ambayo unarudishiwa ukiirudisha kadi. Unagusa ukiingia na unagusa ukitoka, na ukisahau kugusa wakati wa kutoka utakatwa nauli kubwa. Mjukuu wako wa miaka saba anaijua kazi hiyo vizuri. Mwombe akufundishe Jumapili ya kwanza, mwende vituo viwili na kurudi. Mtoto atakayemfundisha bibi yake aliye mwalimu atalikumbuka jambo hilo. Jingine kuhusu nauli: siku za kazi mchana, kutoka Surrey mpaka katikati ya Vancouver unalipa ya kanda tatu. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, na Jumamosi na Jumapili kutwa, unalipa ya kanda moja popote uendako.

Siku tatu za kwanza usipange kitu. Huko mko nyuma ya Tanga kwa saa kumi majira hayo, mwili utakuamsha saa nane za usiku ukidhani ni mchana. Kaa nyumbani, tembea mtaani, chuma beri.

Halafu anza na pa karibu. Shuka Waterfront, tembea hatua chache mpaka Canada Place, jengo lenye paa la matanga meupe matano lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1986. Zunguka ukingoni, utaona ndege zinazotua na kuruka juu ya maji. Hapo ni bure, pana vyoo safi, na pana mahali pa kukaa. Nakutajia vyoo makusudi, maana najua dawa za presha. Vituo vya treni vingi havina choo cha abiria. Vya uhakika viko maktaba kuu ya jiji, ile iliyojengwa kwa duara kama jumba la kale la Roma, ambayo juu ya paa lake kuna bustani, na kwenye maduka makubwa na masoko.

Siku nyingine, palepale Waterfront, panda kivuko cha SeaBus. Nauli unalipa kwa kadi ileile, ni dakika kama 12, unavuka kwenda Lonsdale Quay upande wa milimani. Wewe umezoea bahari, lakini simama dirishani uangalie nyuma: mji mzima wa vioo unasogea mbali nawe. Ng'ambo kuna soko, kunywa chai, rudi. Usije ukaambiwa kwamba lazima ulipe kiingilio kikubwa cha daraja la kamba la Capilano ndiyo uwe umeiona Vancouver. Ni daraja zuri, refu kama mita 140, lakini Lynn Canyon, upande huohuo, kuna daraja la kamba juu ya korongo tangu 1912 na kiingilio hakuna. Hapo lakini nenda Jumamosi na wanao, njia zina mizizi na mawe yanayoteleza. Njia za milimani usiende peke yako hata kidogo, hata kama anga ni safi.

Stanley Park ipe siku nzima. Ni msitu wa zaidi ya hekta 400 uliobaki mlangoni mwa mji, umezungukwa na bahari karibu pande zote, na ukuta wa bahari wenye njia ya kutembea unaufuata ufuko kwa kilomita karibu 9. Basi namba 19 kutoka katikati ya mji linakufikisha. Ukutani kuna njia mbili, ya baiskeli na ya miguu, na baiskeli hazikusubiri, kwa hiyo soma alama chini. Nenda mpaka Brockton Point penye nguzo ndefu za mierezi zilizochongwa nyuso za ndege na wanyama, kazi za watu wa asili wa pwani hiyo. Bustani ilifunguliwa 1888, lakini kabla yake palikuwa na vijiji vya watu, nao waliondolewa. Wenyeji wa ardhi ile, Wamusqueam, Wasquamish na Watsleil-Waututh, wapo mpaka leo, na majina yao utayaona kwenye vibao. Sisi wa pwani tunajua maana ya kijiji kuhamishwa kupisha kitu cha wengine. Pita pale ukijua hivyo.

Ukitoka bustanini kwa upande wa machweo unafika English Bay. Nina ombi langu binafsi hapo. Ng'ambo ya barabara, kwenye bustani ndogo ya Alexandra, kuna chemchemi ya mawe ya kunywea maji, imewekwa chini kwa kimo cha mtoto. Ni kumbukumbu ya Joe Fortes, mtu mweusi aliyezaliwa visiwa vya Karibi, akafika Vancouver 1885. Alikaa ufuko ule akiwafundisha watoto wa mji kuogelea, mpaka jiji likamwajiri kuwa mlinzi wake wa kwanza wa waogeleaji. Alifariki 1922. Kwenye jiwe wameandika kwamba watoto wadogo walimpenda. Wewe uliyesimama mbele ya watoto miaka 34, nenda ukasimame pale kidogo.

Sasa ile video. Mtaa upo, hawakukudanganya. Ni sehemu ya Hastings karibu na Main, katikati ya mji wa zamani wa Gastown na mtaa wa Wachina. Madawa yenye sumu kali yameua watu wengi sana katika jimbo hilo, hata mwaka 2016 serikali ya jimbo ikatangaza kuwa ni dharura ya afya. Watu unaowaona wameinama ni wagonjwa. Nilipita pale kwa basi miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunigusa. Mara moja mfuko wangu ulichanika kituoni, viazi vikatawanyika, na aliyeinama kuniokotea alikuwa mmoja wao, mikono ikimtetemeka, akanihesabia kimoja kimoja. Huna sababu ya kwenda kutembea huko, na ukitaka mtaa wa Wachina shuka kituo cha Stadium–Chinatown mchana. Lakini ukijikuta umepita, usitoe simu kupiga picha. Kila mmoja pale ni mtoto wa mama fulani.

Na usidhani lugha yako itakauka mwezi mzima. Wahindi wengi walioondoka Afrika Mashariki, waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972 na wale waliohama Tanzania miaka hiyohiyo baada ya majumba kutaifishwa 1971, waliishia Vancouver na Burnaby. Wazee wao bado wanasema Kiswahili, na mihogo ya kukaanga wanaiita "mogo" mpaka leo. Siku moja nikiwa kwenye treni kituo cha Metrotown, nazungumza na simu kwa Kiswahili, mzee mmoja wa Kihindi mwenye fimbo akanisubiri nikate, akaniuliza, "Mama, wewe mtu wa wapi?" Nilipomwambia kwamba baba yangu alikuwa wa Tanga, alinyamaza, akageukia dirisha. Halafu akauliza kama saa ya mnara pale Tanga bado inapiga. Alipitiliza kituo chake kwa ajili ya mazungumzo yale. Ukiwa kwenye treni, mpigie simu dada yako, zungumza. Utashangaa atakayegeuka.

Mambo ya fedha na afya nayapitia haraka, lakini usiyapuuze. Bima ya safari kata kabla ya kuondoka, na uhakikishe inakubali presha uliyonayo. Mgeni hahudumiwi na bima ya afya ya jimbo, na usiku mmoja hospitalini unaweza kumaliza akiba ya mwanao. Dawa zichukue za siku zote na ziada, ziwe kwenye pakiti zake na cheti cha daktari, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Bei unayoiona dukani siyo unayolipa: kwa vitu vingi mashineni wanaongeza kodi ya asilimia 12, na mgahawani watu huacha bahashishi ya asilimia 15 mpaka 20. Chukua sweta, jioni hupoa hata Agosti. Miaka mingine moshi wa misitu inayoungua bara hufika mjini. Ukinusa, kaa ndani siku hiyo, kifua kina thamani kuliko picha. Na mzigo wa chakula, najua mkono wa mama haukai mtupu: nyama, matunda mabichi, mbegu na miche acha. Chochote kingine cha kula kitaje uwanja wa ndege wanapouliza. Kutaja hakuna kosa. Kosa ni kuficha, na kuna faini.

Toronto si "kupitia". Kutoka Vancouver ni zaidi ya saa nne za ndege, mbali kuliko Dar es Salaam na Johannesburg. Mwambie binti wa dada yako kwamba utamwona safari nyingine, au aje yeye. Seattle ni karibu kweli, lakini ni Marekani, na viza ya Canada haikuvushi mpaka huo. Kijana akitaka kumsalimu mama yake, na ana karatasi zake sawa, yeye ndiye avuke.

Wikiendi waachie wanao, kama mkweo alivyoahidi. Na mwambie mwanao aangalie kalenda: Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni sikukuu ya wafanyakazi kwao, mtakuwa na siku tatu mfululizo, na shule zinafunguliwa baada yake. Utamsindikiza mjukuu siku yake ya kwanza darasani. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha watalii.

Limebaki deni la ujumbe. Umeukalia wiki nzima, na binti wa watu yuko huko anajiuliza amekosea wapi. Uliwaonyesha dada zako kabla hujamjibu yeye, na hapo, Mwalimu, ulimkosea. Usimweleze hayo sasa. Mwandikie hivi, au kwa maneno yako: "Marahaba mwanangu. Nimefurahi umenieleza mapema. Fanyeni kazi bila wasiwasi. Naomba mnichongee ufunguo na mnitafutie kadi ya treni, mchana nitatembea mwenyewe, na jioni nitawapikia nikiwahadithia nilikofika."

Utume kesho saa mbili asubuhi. Kwao itakuwa saa nne ya usiku wa leo, mtoto amelala, vyombo vimeoshwa, na yeye ameshika simu.